Baba akisema "Mungu ameniambia", mama aseme nini?

Katika nyumba nyingi za Wakristo, kuanzia Rhotia na Karatu mjini hadi maboma ya Endulen na Nainokanoka, kuna sentensi moja ambayo ikitamkwa, kikao cha familia kinakwisha hapo hapo. Baba anasema, "Nimeomba, na Mungu ameniambia." Mama anainuka kwenda kuangalia sufuria jikoni, vijana wanainamia simu zao, bibi anajifunika shuka lake vizuri. Nani atabishana na Mungu?

Na kinachoamuliwa mara nyingi si kitu kidogo. Ni kuuza ekari mbili za shamba la familia kwa mtu anayetaka kujenga hoteli ya watalii kandokando ya barabara iendayo Ngorongoro. Ni kumwachisha binti shule akiwa kidato cha pili kwa sababu mchumba amepatikana. Ni kumpeleka mgonjwa kwenye maombi badala ya hospitali. Na tangu Juni 2022, kwa familia zinazoishi ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, ni kuandikisha majina ya kuhamia Msomera, wilayani Handeni mkoani Tanga, takriban kilomita 600 kutoka nyumbani, au kukataa na kubaki.

Makanisani watu hufundishwa kila Jumapili kutafuta mapenzi ya Mungu. Ni vizuri. Lakini mahubiri machache yanagusa namna maneno hayo yanavyotumika yakishafika nyumbani, ambako yanaweza kuwa mwanzo wa familia kufikiri pamoja, au yakawa rungu la mtu mmoja.

Njaa ya ishara

Watu wa nyanda hizi hawakuanza kutafuta mapenzi ya Mungu siku wamisionari walipofika. Kimaasai kinatumia neno moja, Engai, kwa Mungu na kwa mvua, na wanawake wasiopata watoto wamekuwa wakipanda kuomba kwenye Oldonyo Lengai, mlima ambao jina lake ni Mlima wa Mungu. Mtu aliyetaka kujua lililofichika alikwenda kwa laiboni, naye akamwaga mawe kutoka kwenye kibuyu na kuyasoma. Kwa Wairaqw wa Karatu na Mbulu alikuwapo qwaslarmo, mwaguzi, ambaye familia ilimwendea mtoto akiugua au mambo yakiharibika. Juu ya wote alikuwapo Looa, Mungu wao mwema ambaye humsema kama mama.

Waliobatizwa wengi waliachana na mawe na waaguzi. Njaa ya kupewa jibu la haraka kutoka juu haikuondoka nayo. Leo kuna Mkristo anayefumba macho, anafungua Biblia popote, anaweka kidole, na mstari ulioangukia kidole unakuwa ndio jibu la kama anunue pikipiki ya bodaboda au la. Kuna anayempigia simu nabii wa mjini asiyewahi kukutana naye, anatuma sadaka kwa simu na kusubiri ujumbe. Wengine wanamtaja Gideoni na ngozi yake ya kondoo, iliyolowa umande usiku mmoja na kukaa kavu usiku wa pili.

Anayemtaja Gideoni afadhali arudi kuisoma habari hiyo katika Waamuzi sura ya 6. Gideoni alikuwa ameshaambiwa la kufanya kabla ya kuanika ngozi, na yeye mwenyewe anakiri hivyo anapoomba ishara. Alichokosa kilikuwa ujasiri, ndiyo maana aliomba ishara ya pili baada ya kupata ya kwanza. Mungu alimvumilia. Ila kuvumiliwa kwa mtu mwenye hofu ni jambo moja, na kulifanya kuwa utaratibu wa nyumba ni jambo jingine.

Kikombe cha Samunge

Wilaya ya Ngorongoro ina kumbukumbu ambayo Tanzania nzima inaijua. Mwaka 2011 mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, Ambilikile Mwasapila, alikuwa akitoa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga katika kijiji cha Samunge, tarafa ya Sale. Alisema Mungu alimwonyesha katika ndoto. Kikombe kilikuwa kimoja tu kwa mtu, kwa shilingi 500, na dawa, kwa maelezo yake, ilifanya kazi ikitolewa na mkono wake. Watu walikwenda na kisukari, pumu, saratani, shinikizo la damu na virusi vya ukimwi. Foleni ya magari ilifika kilomita nyingi porini. Mawaziri na wabunge walikunywa. Wapo viongozi wa kanisa waliomtetea hadharani, na wapo waliotilia shaka. Wagonjwa kadhaa walifariki njiani au kwenye foleni kabla hawajafika, na madaktari walilazimika kuwasihi wenye virusi vya ukimwi wasiache dawa zao baada ya kunywa.

Babu, kama alivyoitwa, alifariki Julai 2021. Kumhukumu yeye leo hakumsaidii mtu yeyote. Hakujenga ghorofa kwa zile shilingi 500, na aliishi maisha ya kawaida palepale Samunge. Swali linalofaa ukurasa huu linahusu nyumba zile elfu nyingi zilizoamua kwenda. Nauli ilikuwa kubwa kuliko kikombe mara nyingi sana. Familia ziliuza mbuzi, zikakopa, zikamtoa mgonjwa wodini akiwa hajiwezi na kumpakia kwenye gari la siku mbili tatu barabara ya vumbi. Katika nyumba nyingi uamuzi huo ulifanywa kwa siku moja, na mgonjwa mwenyewe wakati mwingine alikuwa wa mwisho kuulizwa.

Kulikuwa na maswali mepesi yaliyoweza kuulizwa na mtu asiye na elimu yoyote ya dini. Akienda, nani atabaki na vidonge vyake? Akizidiwa njiani, kituo cha afya cha karibu ni kipi? Kama ndoto ni ya Mungu, je, inaharibika tukimpeleka huku anaendelea kumeza dawa ya hospitali? Familia zilizouliza hivyo zilikuwapo, na baadhi yao zilikwenda Samunge pia. Walikunywa kikombe, wakarudi na dawa zao mfukoni. Imani yao haikuwa pungufu kuliko ya jirani aliyevitupa vidonge.

Mzee aliyemzuia padri

Miaka mingi kabla ya kikombe, upande huohuo wa Loliondo, ilitokea habari ambayo Wakristo wa huku wangestahili kuijua zaidi kuliko wanavyoijua.

Mei 1966 padri Mmarekani wa Shirika la Roho Mtakatifu, Vincent Donovan, alimwandikia barua askofu wake wa Arusha. Misheni ya Loliondo ilikuwa na shule na huduma za afya, padri walikuwa wakipokewa vizuri kwenye maboma, lakini hakukuwa na Wamaasai watu wazima walioishika imani. Akaomba aachane na mengine yote aende tu kwenye maboma kuzungumza nao habari za Mungu. Aliruhusiwa. Kwa muda wa mwaka hivi alikwenda kila wiki kwa jamii kadhaa, na baadaye akaandika kitabu juu ya kazi hiyo, kilichotoka mwaka 1978.

Mwisho wa mafundisho ulipofika katika boma la mzee Ndangoya, padri alianza kuwachambua waliofaa kubatizwa. Huyu hakuhudhuria vya kutosha. Yule ni mvivu. Yule mwingine hakuelewa. Ndangoya akamzuia kwa heshima. Alimweleza kwamba mwaka mzima wamekuwa wakizungumza mambo hayo jioni baada ya padri kuondoka. Kwamba ni kweli wapo wavivu, lakini waliosimama imara waliwasaidia. Wapo wagumu wa kuelewa, lakini wenye akili waliwaeleza. Asiwatenganishe. Yeye kama mzee angeweza kusema kwa niaba ya wote kwamba wamefikia hatua ya kuamini. Padri akawabatiza wote.

Kinachosahaulika ni nusu ya pili. Jamii nyingine ilimsikiliza padri huyohuyo kwa muda uleule, wakakaa, wakazungumza, wakamjibu kwamba hapana, hawataki ubatizo. Naye akawaaga na kuondoka, bila kuwatisha kwa moto wa milele. Akakubali kwamba mtu akipewa habari ana haki ya kuikataa.

Wamaasai huuita mkutano wa namna hiyo enkiguena. Watu hukaa chini ya mti, kila anayesimama husema mpaka amalize, na mzee mwenye hekima haharakishi kufunga. Wairaqw nao wanayo slufay, sala ndefu ambayo mzee huitamka na wengine huitikia, na mahali pake pa kawaida ni mwisho wa mkutano, watu wakishasikilizana. Yaani baraka inaombwa juu ya neno ambalo wote wamelisikia. Ni tofauti kubwa na baba anayefika na sala iliyokwisha kujibiwa akiwa peke yake chumbani.

Mtaguso wa kwanza wa Kanisa nao ulifanyika hivyohivyo. Katika Matendo ya Mitume sura ya 15 mitume na wazee wa Yerusalemu hawakupigiwa tarumbeta kutoka mbinguni. Walibishana sana. Petro akasema, Barnaba na Paulo wakaeleza waliyoyaona safarini, Yakobo akazungumza baada yao. Ndipo wakaandika barua wakimtaja Roho Mtakatifu na wao wenyewe kwa pamoja kama walioamua.

Fomu ya Msomera

Hakuna jambo linalozijaribu familia za Ngorongoro sasa kama hili la kuhama, na historia yake ni ndefu. Mwaka 1958, chini ya serikali ya mkoloni, wazee 12 waliweka saini kuiachia Serengeti kwa niaba ya Wamaasai wote waliokuwa wakiishi humo, na mwaka 1959 eneo la Ngorongoro likatengwa kwa matumizi mseto: wanyamapori, mifugo na watu pamoja. Kilimo kilipigwa marufuku 1975, kikaruhusiwa 1992, kikapigwa marufuku tena 2009. Watu waliokuwa elfu nane hivi wakati ule wamepita laki moja. Serikali inasema hifadhi imeelemewa na kwamba kuhamia Msomera ni hiari. Wanaopinga wanasema hiari gani hiyo, wakati huduma walizozizoea zinapungua, na wanataja hospitali ya Endulen. Agosti 2024 maelfu walikusanyika barabarani kupinga, na tarehe 1 Desemba mwaka huohuo Rais Samia Suluhu Hassan alikutana na wawakilishi wa Wamaasai jijini Arusha, akaahidi kuunda tume mbili, moja ya ardhi na nyingine ya zoezi la kuhama.

Hayo ni ya serikali na wananchi. Ndani ya boma kuna jingine. Aliyekubali kuhama alipewa nyumba ya vyumba vitatu, kiwanja, shamba na fidia ya fedha. Ramani ya nyumba ni moja. Sasa chukua boma la mwanamume mwenye wake watatu, mmoja wao Mkatoliki, mwingine Mlutheri, wa tatu hajabatizwa. Kila mmoja ana nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, ana ng'ombe anaowakamua, ana watoto wake na mwelekeo wake. Baba akisema Mungu amemwonyesha Msomera, nani analala chumba kipi? Ng'ombe wa maziwa wa mke mdogo wanakwenda na nani? Fidia inaingia akaunti ya jina gani?

Maswali haya hayamdharau Mungu. Ni sehemu ya kumtafuta. Mtu anayeona aibu kuuliza akaunti ni ya nani kwa sababu baba ametaja jina la Mungu, ameshatolewa kwenye uamuzi, na watoto wake wametolewa naye.

Upande wa kubaki nao una rungu lake. Inatosha mzee aseme kwamba Mungu aliwapa Wamaasai ng'ombe na nyasi hizi, kwa hiyo anayewaza kuondoka amemsaliti Mungu na mababu, basi mke kijana mwenye mtoto anayeugua kila mwezi ananyamaza. Huenda mawazo yake ya kuondoka yana makosa. Lakini hayajasikilizwa, na huwezi kujua yana makosa wapi kabla ya kuyasikia.

Biblia ina familia ya wafugaji iliyokutwa na jambo karibu sawa na hili. Katika Mwanzo sura ya 13 nchi haikuwatosha Abramu na mpwa wake Lutu. Wachungaji wao waligombania malisho. Abramu alikuwa mkubwa kwa umri na ndiye aliyekuwa na ahadi ya Mungu. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kusema "Mungu ameniambia", ni yeye. Hakulisema. Alimwachia mdogo achague kwanza, kushoto au kulia. Lutu akainua macho, akaona bonde la Yordani lina maji, akaenda. Na yaliyompata Sodoma yanajulikana. Mungu alisema na Abramu baada ya Lutu kuondoka, si kabla. Wahubiri wengi hukimbilia kosa la Lutu. Ustaarabu wa Abramu, wa kutoitumia ahadi yake kama fimbo ya kumkalisha mwenzake, huachwa njiani.

Wakati wa kiangazi

Mtakatifu Inyasi wa Loyola alikuwa askari aliyevunjwa mguu na risasi ya mzinga huko Pamplona mwaka 1521, na kitandani ndipo alipoanza kuchunguza mawazo yake, yapi yalimwachia amani na yapi yalimchangamsha kwa saa moja kisha yakamwacha mkavu. Moja ya mashauri yake ni kwamba mtu aliye gizani, moyo umekauka na sala haiendi, asibadilishe uamuzi alioufanya alipokuwa na nuru.

Mfugaji hahitaji kuelezwa sana hapo. Ukame wa 2021 na 2022 uliua ng'ombe wengi kaskazini mwa Tanzania. Mtu aliyeona mizoga ya ng'ombe wake kumi wiki hii, akaomba usiku, akasikia moyoni "ondoka", anaweza kuwa amemsikia Mungu. Anaweza pia kuwa ameisikia njaa. Sauti ya hofu hufanana sana na sauti ya nabii. Zote mbili husema kwa haraka na kwa uhakika. Afadhali asubiri mvua moja inyeshe, asikilize tena kama bado anasikia vilevile. Pengine atasikia vilevile, na hapo atakwenda akiwa na miguu imara.

Kwa Mwiraqw wa Karatu kiangazi huja kwa sura nyingine: deni la pembejeo za vitunguu vya Mang'ola lisilolipika, ada ya mtoto Januari, au mgonjwa anayesubiri upasuaji. Wiki kama hiyo ndipo mnunuzi wa shamba hutokea na pesa taslimu, na ndipo baba "huonyeshwa" kwamba auze. Hapa hata sheria ya nchi inaijua tabia ya wanadamu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, hairuhusu mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Bunge halikuandika kifungu hicho kwa ajili ya kufundisha sala, lakini kinamlazimisha baba kufanya ambacho sala ingemfundisha: arudi nyumbani aulize.

Sasa mama aseme nini? Wanawake wengi wa huku wamelelewa wasimpinge mume mbele ya watoto, na wakati mwingine kupinga kunaleta kipigo. Kumwambia tu "zungumza" ni rahisi kwa mtu asiyekaa katika boma hilo. Lakini kuna maneno ambayo mke Mkristo anaweza kuyasema bila kuvunja heshima, na wapo wanaoyatumia: "Baba Neema, nimesikia. Naomba na mimi niombe juu ya jambo hili kwa wiki mbili, halafu tukae tena, na bibi awepo." Mume anayemwamini Mungu hana sababu ya kuogopa mwenzake akimwuliza Mungu yuleyule. Akikataa hata hilo, basi suala limeshahama kutoka kwenye sala, na hapo ndipo mzee wa kanisa, katekista, mama wa jumuiya au laigwanani mwenye busara aitwe, kabla fedha hazijapokelewa.

Wachungaji na makatekista nao wana la kufanya katika hilo. Anayeletewa baba mwenye ndoto asiseme haraka "amina, twende". Amwulize nani mwingine nyumbani amesikia. Kwa walio na mashaka ya Msomera, apatikane mtu aliyekwisha kuhamia huko aeleze kwa simu maji yanatoka wapi, shule iko umbali gani, ng'ombe wanalisha wapi Agosti, na aulizwe na wanawake, kwa sababu ndio watakaoteka maji hayo.

Halafu aulizwe bibi. Katika maboma mengi yeye ndiye aliyewahi kuhama zaidi ya wote. Aliolewa kutoka mbali, alihama kwa ukame, na huenda alisikia kwa masikio yake wazazi wake wakisimulia habari ya kutoka Serengeti. Anajua mtu hubeba nini na huacha nini. Apewe kigoda, asimulie mpaka amalize, hata kama itachukua jioni mbili. Fomu inaweza kukaa sandukuni mpaka hapo.